Mshahara wa Baba na Chungu cha Mama



Juma lililopita tuliwapa watoto wa darasa la sita hesabu moja ya kawaida, kama zile tulizopewa sisi wenyewe tulipokuwa na umri wao. Tuliandika ubaoni hivi: Baba mmoja hupokea mshahara wa mwezi. Katika mshahara huo hulipa kodi ya nyumba, hununua unga, makaa, mafuta, chumvi, sabuni na dagaa, na hulipa nauli ya kwenda kazini. Je, mwisho wa mwezi hubakiwa na franka ngapi? Tena, ili hesabu isiwe ya kubuni tupu, tuliwauliza watoto wenyewe bei za sokoni. Nao walizijua zote, kwa maana ndio wanaotumwa.

Watoto wakainama juu ya madaftari yao. Baada ya kitambo mmoja akainua mkono, akasema: “Mwalimu, hesabu hii haitoki. Matumizi ni makubwa kuliko mshahara.” Tukaitazama upya, tukaona mtoto amesema kweli. Tulikuwa tayari kufuta ubao na kumwongezea mshahara yule baba, ili hesabu itoke vizuri. Ndipo msichana mmoja aketiye nyuma, ambaye si mwepesi wa kusema, alipojibu bila kuinua mkono: “Inatoka, Mwalimu. Kwetu hutoka hivyo kila mwezi. Kinachobaki ni deni.”

Darasa lote likacheka. Sisi hatukuweza kucheka. Tuliwaambia watoto wafunge madaftari, nasi tukaiacha ile hesabu ubaoni. Kwa hiyo leo, badala ya habari za malezi tulizokuwa tumewaahidi, twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo hili moja: mshahara mdogo na bei zinazopanda, na jinsi mambo hayo mawili yanavyokutana katika chungu cha jioni.

Bei hutembea, mshahara hukaa

Mtu wa mshahara si kama mkulima. Bei ya mahindi ikipanda, mkulima chakula chake ki ghalani, tena akiuza kidogo hupata zaidi. Wala si kama mwenye duka, ambaye akinunua ghali huuza ghali. Mfanyakazi wa mshahara ndiye auzaye mali yake, yaani jasho lake, kwa bei iliyoandikwa jana, akanunua mali ya wengine kwa bei ya leo. Na bei ya leo haimwulizi mtu.

Tutazame mji wetu wa Lubumbashi. Hapa twala bukari ya mahindi, lakini mahindi mengi tulayo hayakulimwa hapa. Hutoka Zambia na nchi nyingine za kusini, yakipitia mpaka wa Kasumbalesa. Mwaka wa 2024 ukame mkali uliipata Zambia, na mwishoni mwa mwezi wa Februari Serikali ya nchi ile ikatangaza kwamba taifa limepatwa na msiba. Mahindi yakapungua, na huku kwetu mfuko wa unga ukapanda bei. Mvua ilikosekana ng’ambo ya mpaka, na chungu cha Katuba na cha Ruashi kikapungua. Je, yule kibarua wa Katuba alikosa nini? Alikwenda kazini siku zote. Aliamka saa ile ile, akabeba mzigo ule ule. Lakini nyumbani alileta chakula kichache kuliko mwaka uliopita.

Sababu ya pili ni fedha yenyewe. Mwenye nyumba huhesabu kodi yake kwa dola, tena hudai malipo ya miezi kadhaa kabla ya kutoa ufunguo. Dawa, nguo na vipuri vya baiskeli hutoka nchi za nje, na bei zake hufuata dola. Lakini vibarua, walinzi na wafanyakazi wengi hupokea franka. Dola ikipanda, huyo aliyelipwa franka amepunguziwa mshahara bila kuitwa ofisini.

Tuchukue mfano ulioandikwa katika sheria. Mwezi wa Mei 2018 Serikali iliweka mshahara wa chini kabisa wa kibarua asiye na ufundi: franka 7,075 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni franka 183,950 kwa mwezi. Wakati huo dola moja ilikuwa karibu franka 1,600, basi jasho la siku moja lilikuwa na thamani ya dola nne na kitu. Mwaka wa 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu franka 2,800, lakini ile 7,075 ilikuwa bado 7,075. Thamani yake sasa ilikuwa dola mbili na nusu tu. Hakuna aliyesimama mbele ya watu akatangaza kwamba mshahara umepunguzwa. Ulipungua usiku, watu wakiwa wamelala.

Mwaka wa 2025 mshahara huo ulipandishwa hadi franka 14,500 kwa siku. Lilikuwa jambo jema, na anayestahili kushukuriwa ashukuriwe. Lakini tuangalie: mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2018 alikuwa amekwisha kuingia shuleni wakati nyongeza ilipofika. Tumbo la mtoto haliwezi kungoja miaka saba. Tena sheria humsaidia hasa yule mwenye mkataba ulioandikwa. Wale wanaochukuliwa mlangoni asubuhi na kuachwa jioni hawana karatasi, na asiye na karatasi hana pa kwenda kulalamika.

Kuna neno jingine wasilolijua wale ambao hawajawahi kupungukiwa. Maskini hununua ghali kuliko tajiri. Mwenye fedha hununua mfuko mzima wa unga, na mafuta kwa dumu. Asiye na fedha hununua unga kwa meka, mafuta kwa kifuko cha mchuzi mmoja, makaa kwa kopo la jioni moja. Kusanya vipimo vyote hivyo vidogo mpaka mwisho wa mwezi, utaona kwamba amelipa zaidi ya yule wa mfuko mzima. Mtoto akiugua katikati ya mwezi, baba hana budi kukopa. Hukopa laki moja, akarudisha laki moja na nusu siku ya mshahara. Wahenga walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini nyumbani mwa maskini hata kukopa si harusi.

Wazee wetu waliyaona

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wazee waliofanya kazi katika migodi ya Union Minière walipewa malipo ya namna mbili: fedha kidogo, na posho. Tangu miaka ya 1920 kampuni hiyo ilitaka wafanyakazi wakae pamoja na wake zao na watoto wao, ikajenga kambi, ikagawa chakula kwa kufuata hesabu ya watu wa nyumbani. Hatusemi kwamba siku zile zilikuwa za raha. Mfanyakazi hakuwa na sauti, na Mzungu alilipwa mara nyingi zaidi yake. Lakini neno moja lafaa likumbukwe: aliyetoa posho alilazimika kujua kwamba mfanyakazi huyu ana watoto wangapi. Leo mabwana wa kazi wangapi walijua?

Hata hivyo posho haikuzuia taabu. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, bei za madukani zilipanda, na mshahara ukabaki pale pale. Mwezi wa Desemba 1941 wachimba migodi wa Likasi, iliyoitwa wakati huo Jadotville, na wa Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville, waliacha kazi. Tarehe 9 Desemba 1941 watu walikusanyika katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville. Askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Watu hao hawakudai utajiri. Walidai mshahara wao uende sawa na bei. Vijana mnaosoma gazeti hili, mkipita karibu na uwanja wa mpira, kumbukeni kwamba mahali kama pale watu waliuawa kwa ajili ya hesabu ile ile iliyokataa kutoka ubaoni kwetu.

Uhuru ulikuja, na baadaye fedha yenyewe ikaugua. Mwaka wa 1967 ilitolewa fedha iliyoitwa zaire: zaire moja ilibadilishwa kwa franka 1,000 za zamani, na thamani yake ilikuwa dola 2. Mwaka wa 1993 zaire hizo zilikuwa zimeoza kiasi kwamba milioni 3 zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Mwaka wa 1998 franka ikarudi, na kila franka ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Wanafunzi wanaopenda kuzidisha na wazidishe: franka moja ya 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za mwaka wa 1967. Mwenye nyumba, mwenye shamba na mwenye dola walipata mahali pa kujificha. Mtu wa mshahara hakupata. Mzee aliyekuwa ameweka akiba ya maisha yake yote katika zaire aliamka akakuta amebaki na karatasi za kuwashia moto.

Katika miaka hiyo mshahara wa mwalimu ulifika mahali ambapo haukutosha hata sabuni ya mwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi walianza kuchanga fedha ili walimu wasiyaache madarasa. Kwa njia hiyo shule ziliendelea, na wazazi hao wastahili sifa. Lakini tuseme ukweli wote: mzigo ulitolewa juu ya mabega ya Serikali ukatiwa juu ya mabega ya mzazi ambaye mara nyingi yeye naye hakuwa amelipwa. Walioshindwa kuchanga, watoto wao walirudishwa nyumbani. Mwezi wa Septemba 2019 masomo ya shule za msingi za Serikali yakafanywa kuwa bure. Watoto wengi walirudi shuleni, tukafurahi. Papo hapo walimu wengi wakapoteza ile michango, na madarasa yakajaa kuliko zamani.

Ahadi nazo hazikukosekana. Mwezi wa Februari 2004 Serikali na vyama vya wafanyakazi wake walipatana huko Mbudi, karibu na Kinshasa, kwamba mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa apate dola 208 kwa mwezi. Mapatano hayo hayakutimizwa kama yalivyoandikwa. Na mwaka uliotangulia, yaani 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, ile iliyorithi migodi ya Union Minière, waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wengi wao wakiwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni nyumba chache ambazo hazina mzee wa namna hiyo. Mtu aliyekaa miezi mingi bila kulipwa, akiambiwa chukua hiki kidogo uende, je, yeye husaini kwa hiari, au ni njaa yake inayosaini?

Mshahara wa haki ni upi?

Swali hilo la hiari latufikisha kwenye kiini cha mambo. Mabwana wengi wa kazi husema: “Tulipatana naye, alikubali mwenyewe, sina deni kwake.” Baba Mtakatifu Leo XIII alijibu neno hilo tarehe 15 Mei 1891, katika barua yake juu ya hali ya wafanyakazi. Alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki, kwa sababu mtu mwenye shida hukubali lolote. Mshahara usiotosha kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi na tabia njema ni mshahara uliotolewa kwa nguvu, hata kama hakuna fimbo iliyoonekana. Mwaka wa 1931 Pius XI alifafanua kwamba mshahara yafaa utoshe baba pamoja na jamaa yake. Na mwaka wa 1981 Yohane Paulo II alifundisha kwamba ukitaka kujua kama nchi ina haki, tazama kwanza jinsi inavyomlipa mfanyakazi. Papa aliyechaguliwa mwezi wa Mei 2025 alieleza kwamba alichagua jina la Leo hasa kwa kumkumbuka yule Leo wa 1891.

Wala mafundisho hayo hayakuanza jana. Sheria ya Musa iliamuru kibarua maskini alipwe siku ile ile, kabla ya jua kutua, kwa kuwa moyo wake wote unautegemea ujira huo. Tunawaomba mabwana wa kazi, wakubwa kwa wadogo, walifikiri neno hilo. Mshahara unaocheleweshwa miezi miwili ni mkopo ambao tajiri amejipa mwenyewe kutoka mfukoni mwa maskini, bila kuomba na bila faida. Wakati huo maskini naye amekopa kwingine, na yeye alipa faida.

Twajua jibu la wenye kazi ndogo: “Nikiongeza mshahara, nitafunga duka, na watu wangu watakosa hata hicho kidogo.” Pengine ni kweli, na hatupendi kumhukumu mtu tusiyeyajua madaftari yake. Lakini kuna mambo ambayo hata mwenye duka dogo aweza kuyafanya. Alipe siku iliyowekwa. Aandike kwenye karatasi alicholipa na alichokata. Kila mwaka, bei zikipanda, aketi na wafanyakazi wake wazungumze, asingoje mpaka waache kazi. Na atazame kama faida nayo imekaa pale pale, au kama ni mshahara peke yake uliokaa.

Kwa wafanyakazi twasema hivi: Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 haisemi juu ya mshahara tu. Yasema pia juu ya malipo ya watoto, ya nyumba, ya safari na ya matibabu. Ijueni. Dai karatasi ya mshahara, uitunze pamoja na karatasi za ubatizo wa watoto wako. Mtu mmoja akilalamika hufukuzwa, watu mia wakiketi pamoja kwa utaratibu husikilizwa. Ndiyo kazi ya sendika. Lakini asiseme mtu: “Wananiibia katika mshahara, nami nitaiba katika bohari.” Mwizi wa bohari humpa bwana wake sababu ya kumnyima mwenzake asiye na kosa.

Na kwa akina baba tuna neno la nyumbani. Mshahara mdogo unaojulikana ni afadhali kuliko mshahara mdogo uliofichwa. Mke asiyejua mume wake amepokea kiasi gani hawezi kupanga mwezi; hupanga siku. Siku ya malipo, fedha yote na iwekwe juu ya meza, na hesabu ifanywe na wawili. Tukisema hivyo hatuungani na wale wanaosema kwamba maskini ni maskini kwa sababu hawajui kutunza fedha. Mama anayewalisha watu saba kwa meka moja ya unga na fungu la sombe ajua kutunza kuliko mwenye benki. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo. Lakini yafaa kwanza iwepo hiyo haba.

Na mlangoni kwetu?

Tungeweza kumaliza hapo, tukiwa tumewaonya wakubwa na kuwafariji wadogo. Lakini tungekuwa tumesema uongo kwa kunyamaza.

Jioni ile ya hesabu, tulipofika nyumbani, tulimsimulia mama watoto habari za yule msichana wa nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: “Na huyu wetu, hesabu yake hutokaje?”

Alikuwa akimsema mama mmoja mjane ambaye huja kwetu siku sita za juma kufua, kuteka maji na kumwangalia mtoto mdogo. Tulipatana naye miaka minne iliyopita. Katika miaka hiyo minne sisi tumelalamika sana juu ya mshahara wa mwalimu. Tumeandika barua, tumehudhuria mikutano, tumeunga mkono mgomo. Naye hatukumwongezea hata franka moja. Hakudai. Tulidhani kutodai kwake ni kuridhika. Kumbe tulikuwa tumesema kimoyomoyo neno lile lile la mabwana wa kazi: Tulipatana naye, alikubali mwenyewe.

Tulichukua daftari, tukapiga hesabu. Siku ya mapatano, mshahara wake wa mwezi ulinunua mifuko miwili ya unga. Sasa haukununua hata mmoja na nusu. Basi katika miaka minne sisi, mwalimu tunayefundisha katekisimu siku ya Alhamisi, tulikuwa tumeutoa unga katika chungu cha mjane kidogo kidogo, bila kutia mkono wetu ndani yake.

Kesho yake tulimwita aketi. Mara akasimama tena, akauliza kwa sauti ndogo: “Mwalimu, nimekosa nini?” Wasomaji, neno hilo lilituumiza kuliko hesabu. Maskini akiitwa na bwana wake kuzungumza habari za mshahara, hufikiri kwanza kwamba anafukuzwa.

Tulimwambia: “Hukukosa, Mama. Tuliokosa ni sisi.” Lakini hatukuweza kumwahidi mambo makubwa, kwa maana mshahara wetu nao ni ule mnaoujua. Tulipatana hivi: tangu sasa malipo yake ya mwezi yatakuwa bei ya mifuko miwili ya unga, hata bei iwe ngapi, na kila baada ya miezi mitatu tutakwenda sokoni kuitazama bei hiyo. Na kwa kuwa fedha haikutosha kwa siku sita, atakuja siku nne, siku mbili atafanya kazi kwingine apate zaidi. Siku mbili hizo sisi na watoto wetu twateka maji wenyewe. Si jambo la kujisifia. Ni deni lililoanza kulipwa, tena limechelewa.

Twaliandika hili kwa sababu twajua kwamba hatuko peke yetu. Katika nyumba nyingi zetu kuna msichana aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye hulala jikoni na kulipwa nguo kuukuu. Katika mitaa yetu kuna mlinzi wa usiku anayelipwa na majirani watatu, na kila mmoja hungoja mwenzake alipe kwanza. Hata katika parokia kuna mpishi, mfagiaji na katekista, ambao pengine huambiwa kwamba kazi yao ni ya Mungu, kana kwamba watoto wao hula sala. Tunawasihi wazee wa parokia wayatazame madaftari yao kama tulivyolazimishwa sisi kulitazama letu.

Siku ya Jumatatu tulirudi darasani. Ile hesabu ilikuwa bado ubaoni. Hakuna mtoto aliyeifuta. Hatukumwongezea mshahara yule baba. Tulifuta swali la mwisho tu, tukaandika jingine mahali pake. Badala ya kuuliza: hubakiwa na franka ngapi? tuliuliza: watu wa nyumba hii ni sita, wahitaji kula, kulala, kujitibu na kusoma. Basi yafaa baba huyu alipwe franka ngapi?

Watoto walianza na chungu. Walihesabu unga wa siku, wakauzidisha kwa siku za mwezi. Wakaongeza makaa, mafuta, nyumba, dawa na madaftari. Yule msichana wa nyuma ndiye aliyewakumbusha wenzake sabuni. Mwishoni walipata namba, wote karibu namba moja, nayo ilikuwa kubwa kuliko mshahara tuliouandika mwanzoni. Mmoja akauliza: “Mwalimu, kwa nini wakubwa hawaanzi hesabu upande huu?”

Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile. Lakini twaomba kila nyumba inayosoma ukurasa huu ichukue karatasi Jumapili, baada ya Misa, ianze hesabu kutoka chunguni: kwanza hesabu ya jamaa yake yenyewe, halafu ya kila mtu inayemlipa, hata kama ni yule anayeteka maji. Na mwenye kupata kwamba hesabu ya mwingine haitoki, asifute ubao.